Kigoda Kando ya Kitanda

Wewe ulimwona. Usianze kusema hukumwona. Alipita mbele ya kibaraza chako saa moja asubuhi, mwanamke wa miaka sitini hivi, kigoda cha miguu mitatu amekifunika kwa kitenge kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa, akielekea Kituo kipya cha Afya cha Igombani. Ulimsalimia? Hukumsalimia. Uliinamia simu yako ukajifanya unasoma. Na ulijua anakwenda wapi, na kigoda kile ni cha kazi gani, kwa sababu Igombani nzima inajua.

Hukuwa peke yako, tusikuonee. Tuligeuza shingo wote choo cha soko kilipojengwa bila maji. Tuligeuza shingo stendi ilipohamishiwa bondeni, mvua ya kwanza ikaizamisha. Kila mara tuliambiwa wakazi wameulizwa na wakazi wameridhia, nasi tukatikisa vichwa tukaenda zetu. Hakuna aliyesimama akauliza: wakazi gani hao?

Basi leo kaa usikie. Mwanamke yule anaitwa Kalunde, Mama Limbu kwa wanaomjua, na wakazi walioulizwa ni yeye aliyewatengeneza.

*

Hakupitia lango kuu. Lango kuu lina jicho linalopekua mizigo, na kigoda kimo kwenye orodha ya vitu visivyo vya lazima, pamoja na mkeka, jiko la mkaa na chupa ya chai. Alizunguka nyuma, kwenye mlango wa nguo chafu, akagonga mara mbili. Akafungua Nesi Gaudensia, aliyekuwa muuguzi kwa miaka thelathini na moja kabla mashine hazijaja, na sasa amebakizwa kuhesabu mashuka.

"Umechelewa," Gaudensia alinong'ona. "Na kigoda chenyewe ndiyo hiki? Kikubwa hivi? Ungeleta na kabati."

"Kilichobaki kina mguu mbovu. Nitaangukia mgonjwa."

"Haya pita, pita. Ukikamatwa mimi sikujui, wala hujawahi kunijua."

Walipita ukumbi wa mapokezi kwa hatua za haraka. Pazuri, nani atabisha? Maji yanateremka ndani ya ukuta wa vioo kutoka darini hadi sakafuni, mchana kutwa, katika kata ambayo mabomba yake hutoa hewa siku nne kwa wiki. Viti vinakanda mgongo. Hewa inanukia mdalasini. Dari inabadilika rangi kufuata mapigo ya moyo wa anayeitazama. Na juu ya mlango wa wodi, herufi zinazowaka: HUDUMA HIZI MMEZICHAGUA WENYEWE. RIDHAA YA WAKAZI: ASILIMIA TISINI NA SABA.

Kalunde hakuyatazama maandishi yale. Aliyajua kama mtu anavyojua kovu lake.

Ndani ya wodi mlikuwa na vitanda ishirini, na kando ya vitanda hivyo hapakuwa na hata mahali pa kukalia. Hapana kiti, hapana benchi, hapana ukingo wa dirisha. Wenye wagonjwa wao hukaa nje, kwenye Bustani ya Utulivu, wakisubiri taarifa kwenye simu. Mumewe, Masele, alilala kitanda cha saba. Figo zake zilikataa kazi mwaka juzi. Kila Jumanne na kila Alhamisi mashine huichukua damu yake yote, ikaisafisha, ikairudisha. Kalunde aliweka kigoda ubavuni pa kitanda, akakaa, akamshika mguu chini ya shuka. Wa baridi, na umevimba kama mkate uliolowa.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Mzima mimi," Masele alisema. "Umekula?"

Kabla hajajibu, ikaja Bi Habari. Hilo ndilo jina ambalo watu waliipa ile mashine ndefu nyeupe inayotembea kwa magurudumu kitanda hadi kitanda. Serikalini ina jina lingine, halikumbukwi.

"Shikamoo, mzee Masele," ilisema, kwa sauti ya mwanamke aliyelelewa vizuri. "Unaendeleaje?"

"Marahaba. Salama tu, tunashukuru."

Taa ya kijani ikawaka kifuani mwake. Ikageuka kuelekea kitanda cha nane.

"Muongo huyo!" Kalunde aliruka. "Rudi hapa! Miguu imevimba, usiku kucha kahema kama mbwa aliyekimbizwa, anakwambia salama. Rudi!"

"Sauti ya asiye mgonjwa," ilijibu mashine kwa upole uleule, bila kusimama. "Haihesabiki."

Masele alifumba macho kwa aibu. "Mama Limbu, unanifedhehesha. Kiumbe amenisalimia kwa adabu zake, unataka nimwanzishie matanga?"

Gaudensia ndiye aliyekuja na mashuka yake mkononi, akajifanya anatandika, akaibonyeza mashine ya damu kwa kidole kimoja, kama mwizi, ili imtoe Masele maji zaidi mwilini. Pumzi ya Masele ilitulia baada ya nusu saa. Lakini Gaudensia ana mikono miwili tu, na wodi ina vitanda ishirini.

*

Ieleweke vizuri hapa, maana hapa ndipo penye ugonjwa wenyewe.

Bi Habari si kipofu. Ina vipimo vya joto, vya pumzi, vya damu. Ila imefungwa na Mkataba wa Heshima: mgonjwa ndiye mwenye mwili wake, na vipimo vikivutana na kauli yake, kauli yake hutangulia, ilimradi hajazimia. Walioandika Mkataba huo walitaka mema. Walitoka mahali ambapo mtu akiulizwa hali yake hujibu hali yake.

Sisi hatujibu hivyo, na unajua. Mtu amefiwa, nyumba imejaa waliaji, ukimuuliza habari atakwambia nzuri. Ndipo umsogelee, ukae, unyamaze kidogo, ndipo aseme: nzuri, ila mama ametutoka. Jibu la kwanza kwetu ni kufungua mlango tu. Mtu mwenyewe bado yuko ndani. Na mgonjwa ndiyo kabisa, hasemi ugonjwa wake. Anayeusema ni yule aliyekaa kando yake, aliyemwona usiku. "Anakudanganya, daktari, jana hakulala." Tangu zahanati ya kwanza ya udongo, tiba ya Igombani ilisimama juu ya mtu huyo wa kando.

Muulize Mama Kabula. Mumewe, Ng'wandu, alilazwa wiki ya majaribio, kitanda cha pili. Aliulizwa mara sita, akajibu salama mara sita, mara ya mwisho saa tano asubuhi. Saa sita alikuwa amekwisha. Mama Kabula wakati huo yuko bustanini, kiti kinamkanda mgongo, simu inamwonyesha taa ya kijani.

"Kilinikanda mpaka nikasinzia," humwambia kila anayemsikiliza. "Mume wangu anakufa, mimi nakandwa."

Sasa rudi nyuma miaka ishirini. Kalunde alikuwa mkuu wa wakusanya maoni wa kata, wa miaka arobaini hivi, mwenye viatu vya raba na kinasa sauti shingoni. Kazi ilikuwa kwenda nyumba kwa nyumba na maswali kumi na moja: habari za maji, habari za barabara, habari za tiba. Kutokana na majibu yale kila mkazi alitengenezewa kivuli chake, mfano wake ndani ya mitambo, unaofikiri kama yeye na kujibu kwa niaba yake, ili asisumbuliwe tena na mikutano. Kivuli ndicho kinachoulizwa barabara ipite wapi. Ndicho kinachokushikia nafasi kwenye foleni ya matibabu. Ndicho kilichoulizwa, juzijuzi, kama wodi inahitaji viti vya wauguzaji, na vivuli elfu nne mia mbili vikajibu: hapana, tunashukuru, inatosha.

Kwa sababu kinasa sauti kilikuwa kinafungwa baada ya sekunde nne. Wataalamu waliamini jibu la kwanza ndilo jibu la kweli. Kalunde aliona kosa wiki ya kwanza. Watu walisema "nzuri tu", chombo kikalia, kisha wakavuta pumzi na kuanza kusema, naye ameshasimama anaaga. Aliandika barua moja. Akajibiwa afuate utaratibu. Akafuata. Zaidi ya hapo, na hili ndilo linalomnyima raha, aliwafundisha wenzake kumi na wanane kubonyeza mapema zaidi, kwa kuwa kumbukumbu ndefu zilirudishwa na kazi kuanza upya. "Akisema nzuri tu, funga," aliwaambia. "Mtachelewa kurudi nyumbani."

Kata nzima imehifadhiwa ikiwa imesimama mlangoni, inatabasamu.

*

Saa tatu asubuhi aliingia ukumbi wa kata. Jumanne ile ilikuwa Siku ya Maoni, siku moja kwa mwaka ambayo ofisi husikiliza wakazi wa nyama na damu; mwaka huu ni kuhusu kituo, kabla hakijazinduliwa rasmi. Walikuwapo watu wanne. Mmoja alikuja kuchaji simu.

Afisa, Lwitiko, kijana mwenye shati lililonyooka, alisimama kumpokea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka vigoda kando ya vitanda. Kimoja kwa kila mgonjwa, na mwenye mgonjwa akae, na akisema asikike."

Lwitiko alitafuta kwenye kioo cha meza yake. Uso ukamlegea kwa huruma ya kweli. "Mama, hapa kivuli chako kinasema hukihitaji."

"Mimi si niko hapa nimesimama?"

"Upo. Ila sheria inasema kivuli kikishathibitishwa ndicho mkazi. La sivyo mtu mmoja angehesabiwa mara mbili."

"Na kivuli kikiwa kinasema uongo?"

Lwitiko alitupia jicho mlangoni. Akasogea mbele, akapunguza sauti, kama anayemwonyesha mtu njia ya uchochoroni. "Kuna kifungu. Aliyekusanya maoni akikiri kwa kiapo kuwa aliyakata, vivuli vyote alivyosimamia vinasimamishwa. Lakini usikitamani, mama. Vivuli vikisimama, foleni ya matibabu inasimama navyo. Kituo kinafungwa siku arobaini, kata ihojiwe upya."

"Siku arobaini." Kalunde alihesabu kwa vidole. Jumanne na Alhamisi, Jumanne na Alhamisi. Masele akikosa mara tatu tu, hakuna ya nne. Mashine nyingine iko makao makuu ya mkoa, na foleni yake ni ya miezi.

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo, ya kwenye karatasi. Siku hiyohiyo ya kukiri, kabla ya saa kumi na mbili jioni, wakazi mia tatu wafike wenyewe, kwa mwili na mdomo, wathibitishe. Hapo kituo hakifungwi. Foleni inahamia kwenye daftari la mkono, chini ya muuguzi mtu, mpaka mahojiano yaishe." Akatazama viti vitupu. "Mwaka jana walikuja kumi na mmoja, mama. Na kulikuwa na soda."

*

Alirudi wodini kwa mlango uleule wa nguo chafu. Mashine ya damu ilikuwa inamalizia kazi yake; Masele amechoka, midomo mikavu. Alikaa kwenye kigoda akamweleza yote, sekunde nne, kiapo, siku arobaini, watu mia tatu. Hakumficha neno. Miaka thelathini na minne ya ndoa, hili la kubonyeza mapema alikuwa hajamwambia hata siku moja.

Masele alicheka kidogo, kikohozi kikamkata. "Kwa hiyo na mimi ulinibonyeza?"

"Wewe wa kwanza. Nilikufanyia mazoezi."

"Nikasema nini?"

"Ukasema nzuri tu. Kisha ukataka kunieleza habari za kisima cha baba yako. Nikakwambia baadaye."

Masele alitazama dari ya wodi, nayo ya kubadilika rangi kama ile ya mapokezi. Ilikuwa ya buluu, halafu ya kijivu.

"Nikisema leo," Kalunde aliuliza, "wewe je? Hali yako ikoje kwa hilo?"

"Salama tu," alisema Masele. "Wewe nenda kaseme."

Angeweza kuinuka hapo. Ruhusa amepewa, kwa mdomo wa mwenyewe, mbele ya Mkataba wa Heshima na malaika wote. Lakini aliona vidole vya mumewe vimeshika ukingo wa shuka, vimekaza. Hakuinuka. Akahesabu kimoyomoyo. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Kwenye ile ya nne, kidole gumba chake kilijikunja chenyewe, kikibonyeza hewa, mazoea ya miaka ishirini. Akakifunika kwa mkono wa pili. Akaendelea kukaa. Maji yalishuka kwenye vioo kule mapokezi. Bi Habari ilipita kitanda cha kumi na mbili, ikaambiwa salama, ikaenda.

"Naogopa, Mama Limbu," Masele alisema hatimaye. Sauti ilitoka chini, haikuwa ile ya kusalimia. "Sitaki kufa. Nataka kumwona mtoto wa Limbu akitembea. Na hao mia tatu hawatakuja, nawajua, tumekaa nao. Kwa Ng'wandu nilikwenda kuzika, nikala pilau, nikarudi nyumbani. Sikuuliza kafaje. Mimi pia ni mmoja wao."

"Basi nisiseme."

"Sijamaliza." Alipumzika. "Ng'wandu naye hakutaka kufa. Na yule mzee wa kitanda cha nane, unamwona? Hana mtu wa kumwingizia kigoda kwa mlango wa nyuma. Tangu asubuhi namsikia anavyohema, ananiambia salama, jirani." Aliufumbua mkono ulioshika shuka, akauweka juu ya mkono wa mkewe. "Sasa ndiyo umenisikia. Nenda."

Kalunde hakulia. Alikuwa amechoka kupita pale ambapo machozi hukaa. Alimwachia Gaudensia kigoda.

"Ukae hapa badala yangu."

"Na mashuka?"

"Yajihesabu yenyewe."

Alikwenda kwanza kitanda cha nane, akamuuliza mzee yule habari, akaambiwa salama, akasubiri. Alichoambiwa baadaye alimnong'oneza Gaudensia. Kisha akatoka, safari hii kwa lango kuu.

*

Saa nane mchana Kalunde Mihayo aliweka kiganja juu ya bamba la kiapo katika ukumbi wa kata, akasema jina lake na la baba yake. "Niliwakata watu maneno," alisema. "Nilijua. Nikafundisha wengine kuwakata. Vivuli vya Igombani si watu, ni salamu."

Lwitiko aliyaandika neno kwa neno. Saa ileile, herufi zinazowaka juu ya mlango wa wodi zilizimika. Bi Habari ilisimama katikati ya vitanda, imeinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza ikanyamaza. Mashine ya damu imezimwa pia. Itawashwa Alhamisi ikiwa kuna daftari. Kama hakuna, haitawashwa.

Mama Kabula alikuwa shahidi wa kwanza. Aliulizwa habari za tiba. Alisema nzuri. Kisha akakaa kwenye sakafu ya ukumbi akazungumza kwa dakika arobaini, na hakuna aliyebonyeza chochote. Baada yake wakaja wauza mchicha watatu, fundi baiskeli, mwalimu mstaafu. Yule aliyekuja kuchaji simu aliichomoa, akapanga mstari.

Kalunde amekaa kwenye ngazi za ukumbi, anatazama barabara. Haombi mtu, hapigi kelele. Kila anayepita anamwamkia, naye anajibu salama, kisha anamtazama usoni kwa muda mrefu kupita adabu. Wengine wanaingia. Wengine wanakumbuka kwamba wameacha sufuria jikoni.

Sasa ni saa kumi na dakika ishirini. Waliothibitisha ni mia moja na sabini na tisa. Mlango unafungwa saa kumi na mbili kamili, na Lwitiko, ambaye si mtu mbaya, hana uwezo wa kuuchelewesha hata kwa dakika moja.

Kutoka kibarazani kwako hadi ukumbini ni mwendo wa dakika kumi na tano. Ishirini, kama goti linakusumbua. Jina lako lipo, kivuli chako kilisema inatosha, na Masele yuko kitanda cha saba akisikiliza nyayo za watu njiani. Umesikia yote, kwa hiyo ile ya kutokujua imekwisha. Weka simu chini. Vaa viatu. Chukua kigoda kilichopo jikoni, hata chenye mguu mbovu, maana wodi ina vitanda ishirini na kigoda ni kimoja. Ukifika utaulizwa habari. Sema nzuri, ukipenda. Halafu usiondoke mpaka umesema na lililobaki.

Inuka. Nenda sasa hivi.